Haya ya Kapteni Oyarzo

Watu ishirini na wanne wa meli ya utafiti *Petrel Gris* waliendesha maisha yao yote kwa neno moja. Kwao neno lenyewe ni *ya*, herufi mbili tu, na ni afadhali umnyime Mchile mkate kuliko kumnyima hilo. Ni ndugu wa haya yetu, basi nitaliandika haya ili msomaji asisumbuke. Haya, nimekusikia. Haya, sema, nipo. Haya, twende. Haya basi, imetosha. Haya weee, nenda ukamdanganye mama mkwe wako. Walilitamka kwa sauti chungu nzima, na hakuna mgeni aliyewahi kuzijua zote, lakini wao kwa wao hawakukosea, kwa kuwa walilinyonya pamoja na maziwa. Hivyo ndivyo walivyokuwa wakisema.

Nolberto Cárcamo, ambaye melini kila mtu alimwita Fundi, alikuwa amezisikia haya za Kapteni Rosamel Oyarzo kwa miaka ishirini na miwili. Wote wawili walizaliwa kisiwani Chiloé, kijiji kimoja, nyumba zimetenganishwa na ua wa viazi. Rosamel ndiye aliyemshika kifungua mimba wa Nolberto siku ya ubatizo, ndiyo maana waliitana kompadre hata mbele ya wakubwa. Fundi aliapa kwamba kutokana na haya moja tu ya kompadre wake angeweza kujua kama amekunywa kahawa, kama amegombana na mkewe kwenye simu, na kama upepo utageuka. Kilikuwa kiburi cha haki, na kilimfaa mpaka siku kilipomponza.

Mwaka uliotangulia mgeni mmoja kutoka Norwei alisafiri nao. Alipowasikia wakizungumza kwenye redio alishika kichwa. Akawaandikia karatasi: wakati wa kuachia chombo kilicho chini ya bahari, mwenye usukani aseme "achia" mara mbili, na fundi alirudie neno hilo kabla ya kugusa kitu chochote. Karatasi ikatiwa plastiki na kubandikwa mlangoni mwa jiko, chini ya picha ya Mtakatifu Petro. Don Audilio, mpishi, akaitumia kuandikia orodha ya vitunguu.

"Huyu anadhani sisi ni viziwi," Kapteni alisema, na watu wote jikoni wakaangua kicheko. Fundi ndiye aliyecheka kuliko wote.

Safari hii walikwenda kusini kabisa, kwenye bahari ya barafu, kumchukua Bonge.

Bonge ilikuwa kamba ya mita mia mbili arobaini, iliyosimama wima majini mahali penye kina cha mita mia tisa. Chini ilishikwa na magurudumu mawili chakavu ya garimoshi. Juu ilivutwa na boya kubwa la manjano, na katikati ilibeba vyombo saba vilivyopima joto, chumvi na mwendo wa maji kila baada ya dakika kumi, mchana na usiku, kiangazi na kipupwe. Hakuna waya uliotoka kule chini. Vyombo viliandika vipimo ndani yake vyenyewe, na usipovitia mkononi hujui kitu. Juu kidogo ya magurudumu palikuwa na kufuli. Ukiliita kwa mlio maalumu kupitia majini, kufuli huitika, na sanduku ulilopakata linakuonyesha liko umbali gani. Ukilipigia mlio wa pili linafunguka, magurudumu yanabaki, na kamba nzima inapanda. Likishafunguka halifungiki tena.

Mwenye kamba alikuwa Daktari Yasna Mansilla. Miaka miwili nyuma, siku walipoiteremsha, Fundi alilipiga boya kofi la mapenzi na kulibatiza Bonge kwa ajili ya tumbo lake, na Yasna akacheka mkono ukiwa juu ya tumbo lake mwenyewe. Hakuna aliyeelewa mpaka miezi saba baadaye, habari zilipofika kwamba amejifungua binti, jina lake Maite. Tangu hapo melini Bonge na Maite walihesabiwa pacha. Yasna alipomwandikia Fundi aliandika hivi: Maite ana meno sita, Bonge ana miezi kumi na mitano.

Mwanamke huyo alikuwa amesema jambo moja kwa miaka tisa na hakuna aliyemkubalia. Alisema maji ya uvuguvugu kutoka bahari kuu yanatambaa sakafuni mwa bahari, yanaingia chini ya barafu ya nchi kavu na kuila kwa chini, hata wakati wa kipupwe. Vipimo alivyokuwa navyo vilikuwa vya siku chache za kiangazi. Wenziwe walimjibu kwa upole unaoudhi: siku chache si hoja, tuletee kipupwe. Kamba yake ya kwanza ilikombwa na mlima wa barafu. Bonge alikuwa na vipupwe viwili tumboni.

"Nirudishie Bonge tu, Fundi," alimwambia walipong'oa nanga bandarini Punta Arenas. "Sitaki kingine."

"Nitakupandishia kwa mkono wangu, mwanangu. Nikishindwa, nivue buti hizi nirudi kulima viazi."

"Viazi vyako navijua. Hata nguruwe hawavitaki."

"Haya weee!" Fundi akajibu, na wakaingia ndani kunywa chai na maandazi ya maboga.

Walifika mahali penyewe siku ya kumi na moja, saa tatu asubuhi, mwishoni mwa Februari, wakati bahari ile inapoanza kufikiria kufunga mlango. Palikuwa na maji meusi wazi, upana wa kilomita mbili hivi. Kusini lilikuwepo bamba moja la barafu, tambarare, kubwa kuliko kijiji chao pamoja na kanisa na makaburi yake. Lilikuwa limetulia. Kapteni alizima injini ili Fundi apate kusikia vizuri. Fundi alikaa tezini, mwisho kabisa wa meli, kwenye kiti chake cha plastiki, nyuma ya nyumba ya winchi, ambako mtu haoni mbele wala kusini, akateremsha waya wa kusikilizia majini na kuweka sanduku mapajani. Yasna alisimama ubavuni, ameshika upondo wa kunasia kamba, ingawa kazi ya kunasa ilikuwa bado.

Fundi akaita. Sanduku likalia kama kifaranga. Namba ikatokea.

"Yupo!" Yasna alisema. Alimpiga Fundi begani kwa nguvu kuliko alivyokusudia.

Fundi akachukua redio. "Kompadre, nimempata. Mita mia tisa na kumi, amesimama wima kama bibi harusi. Nimwachie?"

"Haya," ilijibu redio.

Fundi alibonyeza. Kidole kilikuwa kimekwishakaa juu ya kitufe, nacho kilishuka chenyewe, kama kilivyoshuka mara thelathini katika safari nyingine. Sanduku likalia mlio wa kujibu. Kufuli limefunguka. Akahesabu kwa mazoea tu: moja, mbili, tatu, nne.

"Subiri kwanza, kompadre," redio ikaendelea. "Lile bamba la kusini linageuka. Naona upepo umehama. Mwache huko huko mpaka adhuhuri."

Fundi aliitazama redio.

"Fundi? Umenipata?"

"Nimeshamwachia."

Kisha Kapteni akauliza, kwa sauti ya chini sana, "Nani kakwambia umwachie?"

"Wewe."

"Mimi?"

"Umesema haya."

Kule kwenye usukani Kapteni alikuwa amesema haya ya kusikia. Nimekupata, ndugu yangu, ngoja nitazame. Alikuwa ameachia kitufe cha redio ili ashike darubini, na kwa sekunde zile nne alikuwa akilitazama bamba. Huku tezini, nyuma ya nyumba ya winchi, Fundi alikuwa amesikia haya ya kwenda. Mimi nimekaa nao miaka mingi na siwezi kuapa ningesikia ipi.

Kutoka chini hadi juu Bonge alihitaji dakika kumi na moja.

Yasna alikimbilia upande wa kusini, na Fundi akamfuata, amelikumbatia sanduku ambalo sasa halikuwa na kazi. Bamba lilikuwa linakuja. Halikuwa na haraka. Lilikuja kwa mwendo wa mtu anayetoka kanisani, na mbele yake maji wazi yalizidi kupungua. Injini ikanguruma. Kapteni aliigeuza meli, akaingiza omo kwenye ukingo wa barafu, akasukuma. Sahani zilianguka jikoni na Don Audilio alisikika akiwataja watakatifu kwa namna isiyopendeza. Bamba lilizunguka kidogo kwenye pua ya meli, likatoa kipande cha ukubwa wa lori, likaendelea na safari yake.

"Sukuma tena!" Fundi alipiga kelele kwenye redio.

"Nasukuma, kompadre. Nasukuma. Hii ni meli, si trekta."

Yasna alikuwa ameanza kuongea peke yake. "Toka," alikuwa akisema, "toka sasa, toka, toka," na macho yake hayakutoka kwenye maji. Fundi alitazama saa. Dakika ya saba. Maji yaliyobaki yalikuwa na upana wa uwanja wa mpira. Dakika ya tisa, upana wa barabara. Aliwahi kutengeneza winchi kwenye dhoruba na kushona kidole cha baharia kwa uzi wa kuvulia, na sasa alisimama tu, buti zake miguuni, akitazama. Hakukuwa na skrubu ya kukaza wala waya wa kuunga.

Dakika ya kumi na moja kitu cha manjano kilionekana chini ya maji, karibu na ukingo wa barafu, kama kiini cha yai. Yasna alipiga yowe na kunyoosha upondo, ingawa kilikuwa mbali mita mia moja. Halafu barafu ikapita juu yake.

Kapteni alizima injini bila kuambiwa. Fundi akateremsha waya, akaita.

"Anaitika?" Yasna aliuliza.

"Anaitika. Mia mbili themanini."

"Ita tena."

Akaita tena. Mia mbili themanini. Kufuli lilikuwa mkiani mwa kamba, basi namba hiyo ilisema jambo moja tu: Bonge ameshafika juu, boya limegota kwenye dari la barafu lenye unene wa mita tatu, na mwili wote unaning'inia chini yake. Hakuna namba nyingine ya kungoja.

Yasna aliweka upondo chini taratibu, kana kwamba kuna mtoto amelala.

Wakati wa chai Kapteni alishuka jikoni, jambo ambalo hakulifanya saa za zamu. Alivua kofia.

"Nilisema haya ya kusikia," alisema.

"Nilisikia haya ya kwenda," alisema Fundi.

"Miaka ishirini na miwili, kompadre. Hujanijua bado?"

"Nilikujua mno."

Don Audilio alisimama mbele ya karatasi ya Mnorwei. Alichukua kitambaa akaanza kufuta orodha yake ya vitunguu, akafuta mpaka maneno ya chini yakaonekana, achia, achia, rudia. Hakuna aliyecheka. Alipomaliza alijaza maji ya moto kwenye kibuyu cha *mate*, yale majani machungu ya kwao wanayoyanyonya wote kwa mrija mmoja, akanywa cha kwanza kama ilivyo desturi, kisha akampa Yasna. Yasna akanyonya, akarudisha kibuyu.

"Asante," alisema.

Kwa watu hao, ukirudisha kibuyu bila neno utajaziwa tena zamu yako ikifika. Ukisema asante, umejitoa. Hakuna aliyewahi kumsikia Yasna akisema asante kwenye kibuyu cha kwanza. Aliinuka akatoka, na kibuyu kikazunguka kwa wengine bila mtu kuonja ladha yake.

Maji yakimwagika hayazoleki, kila mtu anajua, lakini kuna wanaopewa kukaa karibu na kuyatazama. Kwa siku tatu meli ilifuata ukingo wa bamba lile. Kila saa Kapteni alizima injini, na kila saa Fundi aliita. Bonge aliitika kila mara, bila kukosa, kama mtoto mtiifu aliyefungiwa chumbani. Mia mbili themanini. Mia tano. Elfu moja na mia mbili, maana bamba lilijiunga na mengine na katikati pakawa hapapitiki. Betri ya kufuli ilikuwa na uhai wa miaka mitatu zaidi. Fundi alijua, aliifunga kwa mkono wake. Ingeendelea kuitika mwaka hadi mwaka, mradi pawe na wa kuiita.

Alikwenda kwa Kapteni kuomba ashuke juu ya barafu na keekee na msumeno.

"Ukungu huu?" Kapteni alisema. "Na bamba lina nyufa? Nikamwambie nini mkeo?"

"Mwambie nimekwenda kumchukua Bonge."

"Hapana, kompadre." Akarudia, ili pasiwe na shaka: "Hapana. Hapana."

Melini neno haya lilikufa. Watu walisema ndiyo, walisema sawa, walisema nimekuelewa, kama wanafunzi mbele ya mkaguzi. Likimtoroka mtu mezani, aliinamisha uso kwenye sahani. Sisi tunaosema Kiswahili tuna haya nyingine pia, ile inayokaa usoni, na hiyo ndiyo iliyobaki ndani ya *Petrel Gris*. Fundi ilimkaba hata akashindwa kula. Angependa Yasna amtukane. Alijiandaa kwa matusi, alikuwa tayari kuyapokea yote na kuomba ya ziada. Siku ya pili alimfuata tezini.

"Nitukane, mwanangu."

"Nikikutukana bamba litasogea?"

"Halitasogea."

"Basi niache." Halafu, kwa kuwa alikuwa mwema na hilo ndilo lililomuumiza Fundi zaidi, akasogea akamwachia nafasi kwenye ngazi aliyokalia. "Wewe ulisikia ulichosikia. Na mimi nilikuwa hapo ubavuni. Unajua nilisikia ipi?"

Fundi akaketi.

"Hiyo hiyo yako. Nilifurahi hata nikakupiga bega kabla yake. Kwa hiyo nimtukane nani?"

Alitoa simu mfukoni. Mama yake alikuwa ametuma ujumbe usiku kupitia mtambo wa meli, maneno matupu, bila picha. Alimwonyesha.

"Maite ameanza kusema," alisema. "Ana neno moja. Analisema asubuhi hadi jioni. Akipewa uji, hilo. Akinyang'anywa kijiko, hilo. Unaweza kubahatisha ni lipi?"

Fundi alijua kabla hajasoma. Yasna alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakatoka, na machozi yalipoanza kicheko kikaondoka yakabaki yenyewe. Fundi alimshika mkono. Mikono yake ilinuka grisi na hakuwa na kitu kingine cha kumpa.

Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, Kapteni alishuka tezini kwa miguu yake. Hakutumia redio.

"Kule kwenye kituo cha utafiti kuna watu kumi na wawili wananisubiri nikawachukue tangu wiki iliyopita," alisema. "Mmoja jino limemvimba hata jicho halionekani. Na njia ya kutokea kaskazini ilikuwa na upana wa maili nne asubuhi, sasa ina mbili. Nikikaa mpaka kesho, tutakaa wote, na Bonge."

Alikuwa akimwambia Fundi lakini akimtazama Yasna.

"Na kipupwe kikiisha?" Yasna aliuliza. Alijua jibu, aliyebobea katika mambo ya barafu alikuwa yeye. Bamba lingesafiri miezi, lingesagana na mengine, boya lingepasuka, na vyombo saba vingezama mahali ambapo hakuna aliyepaandika. Kapteni alikunja kofia yake mkononi.

"Nitasimama njiani," alisema hatimaye. "Mara tatu. Mpaka sauti isipofika. Zaidi ya hapo siwezi, Daktari. Nisamehe."

Fundi aliita kabla hawajaondoka. Mita elfu nne mia tatu.

Kituo cha kwanza, elfu tano mia sita. Bonge aliitika upesi, na Yasna akaandika namba kwenye daftari pamoja na saa, kana kwamba ilikuwa kipimo. Kituo cha pili, elfu saba mia nane. Hapa Fundi aliita mara mbili ndipo jibu likaja. Don Audilio alikuwa ametoka na kibuyu chake, akasimama nyuma yao bila kumpa mtu. Mabaharia wawili wa zamu walivua kofia, kisha wakaona aibu, wakazivaa tena.

Kituo cha tatu kilikuwa kwenye maji wazi kabisa. Kusini palibaki mstari mweupe tu, na juu yake ukungu. Kwa umbali ule mlio huchukua sekunde sita kwenda na sita kurudi, na mtu anayesubiri sekunde kumi na mbili hujifunza mengi kuhusu moyo wake. Fundi aliita. Kumi na mbili zikapita. Sanduku kimya. Akaita tena. Kimya. Mara ya tatu alifumba macho, na alipoyafumbua kioo kilikuwa kitupu vile vile.

"Fundi," redio ilisema. Sauti ya Kapteni ilikuwa ya uangalifu, kila neno peke yake. "Je, niendelee na safari, au nisubiri?"

Fundi alimtazama Yasna. Hakuwa na haki ya kusema neno lolote juu ya kitu cha mwenziwe, si tena. Akampa redio. Wakati huo huo mkono wake wa kushoto, kwa mazoea tu, ulibonyeza kitufe cha kuita kwa mara ya nne.

Yasna alishika redio kwa mikono miwili. Aliutazama mstari mweupe.

"Haya," alisema.

Neno hilo halikuwa limesikika kwenye redio ya meli kwa siku tatu. Huko juu hakuna aliyegusa kitu. Meli ilibembea, maji yakapiga ubavu wake mara moja, mara mbili.

"Haya ipi, Daktari?" Kapteni aliuliza.

Kidole cha Yasna kilikaa kwenye kitufe na redio ilituma pumzi zake hadi kwenye usukani, watu wote wakazisikia. Akatikisa kichwa. Akamrudishia Fundi redio na kugeuza uso.

Fundi alijua kwamba hiyo ndiyo adhabu yake, na kwamba hakuna aliyekusudia kumpa. Akaiweka redio mdomoni.

"Ondoka, kompadre," alisema. "Narudia. Ondoka."

"Nimesikia ondoka. Naondoka."

Injini ikawaka na sitaha ikaanza kutetemeka. Fundi aliinama kuvuta waya wa kusikilizia kutoka majini, na ndipo alipoona kioo cha sanduku mapajani mwake. Kilikuwa kimewaka. Mlio wa kuitika wito ule wa nne ulikuwa umepita masikio yote yakiwa kwenye redio, lakini namba ilikuwepo, angavu, bila kosa: 9,140.

Kidole chake kilienda kwenye kitufe cha redio kikasita hapo. Kusema nini? Yasna alikuwa bado amempa mgongo, mabega yameshuka, na Don Audilio alikuwa akimwekea kibuyu mkononi, naye amekipokea. Njia ya kaskazini ilikuwa ikizidi kuwa nyembamba.

Fundi alifunika sanduku kabla Yasna hajageuka, akaendelea kuvuta waya.